Karatasi ya Msichana wa Kwanza

Mashini ilisema mjukuu wangu alishachukuliwa na wazazi wake. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mashini hiyo, na mama yake alikuwa kando yangu, miguu imevimba, mtoto mchanga mgongoni. Baba yake tulishamzika mwaka uliotangulia. Sasa ni wazazi gani hao?

"Soma tena," nikamwambia Papa Sekretere.

Sekretere wa parokia yetu ya Butembo alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Miaka mingi alikuwa amepiga mashini ya zamani, ile ya chuma, kwa hiyo hata ordinatere, yaani hii kompyuta, alikuwa anaipiga kama mtu anayeua siafu. Akasukuma ile kitu wanaita panya, akafungua, akasoma.

"Jina iko. Karatasi yake iko mu kitunga. Mu kitunga njo natupaka karatasi ya batoto benye bazazi balishakuja kubabeba. Donc, Koko, mutoto alishaenda. Tushukuru Mungu."

"Muzazi njo huyu," nikasema mimi Koko, bibi wa mtoto, nikamsukuma binti yangu mbele. "Mushukuru Mungu pamoja naye."

Akamtazama binti yangu, akatazama kioo, akavua miwani, akaipangusa kwa shati. Nikajua kwamba anaamini kioo kuliko binti yangu.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili, ile ambayo askari wake hatukuweza tena kuwatofautisha kwa rangi za nguo. Binti yangu alikuwa anaishi Mbau, kando ya barabara ya kwenda Oicha, anauza mafuta ya ngazi, yaani mawese, kwa chupa. Asubuhi moja watu wakaanza kupita mbio wakielekea Beni. Akafunga mtoto mchanga mgongoni, akashika mkono wa msichana wake mkubwa, wa miaka saba, akaingia ndani ya watu. Walisukumwa, wakaanguka, wakaamka. Alipopata nafasi ya kuangalia, mkono alioshika ulikuwa wa mtoto wa mtu mwingine.

Aliniambia hivyo mara moja tu, na mimi sikumwuliza mara ya pili. Mama wa yule mtoto alimpata hapohapo, akamnyang'anya bila hata aksanti. Wa kwetu hakuonekana. Alimtafuta Beni siku tatu, halafu akapanda kuja kwangu Butembo, akafika mlangoni na kuanza kulia kabla ya salamu. Nikamwambia: Kaa. Kula. Tutamwona. Nilikuwa najua kwamba masista wa Beni wamekusanya watoto waliopotea ndani ya shule moja ya Bungulu, na kwamba karatasi za watoto hao zinakuja kwenye mashini yetu, kwa sababu wazazi wengi walikuwa wameshapita Beni na kufika Butembo. Nilijua kwa sababu nilikuwa nafagia biro hiyo kila asubuhi.

Ile mashini tulizoeana kabla sijaihitaji. Butembo haikuwa na kurante ya umeme, donc grupu, ile jenereta ya parokia, iliwashwa baada ya misa na kuzimwa saa nne. Masaa hayo mawili nilikuwa nafagia polepole sana. Kuna kipande kimoja cha simenti, nyuma ya kiti cha Papa Sekretere, nilikifagia mpaka kikang'aa kama sahani.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu, halafu nikapewa jembe. Herufi nazijua, lakini zinanijia moja moja, kama mbuzi kwenye mlango mwembamba. Picha zenyewe zinaingia zote pamoja. Na ile mashini, kabla haijakuonyesha neno lolote, ilikuwa inakuonyesha picha. Kioo kizima cha rangi ya mbingu, na upande wa kushoto picha ndogondogo zimepangwa kama wauza nyanya.

Ya kwanza ilikuwa picha ya mashini yenyewe.

"Papa, ju ya nini mashini inabeba picha yake?"

"Ukifungua pale unaona vile biko ndani yake."

"Donc ni kama mutu mwenye kutembea na picha yake mu mufuko, na ukitaka kujua alikula nini unafungua picha."

"Koko, fagia."

Nikafagia. Kesho yake nikauliza juu ya farde. Ilikuwa ni farde kabisa, ile ya karatasi ngumu tunayotia ndani hati za shamba, ya manjano, na kijisikio juu. Akabonyeza mara mbili, farde ikafunguka, na ndani kulikuwa na farde nyingine, na ndani ya hiyo karatasi nyeupe zenye herufi moja ya buluu. Kila karatasi ilikuwa ndogo kuliko ukucha wangu. Akabonyeza moja, ikawa kubwa ikajaa kioo, na ilikuwa imeandikwa kutoka juu mpaka chini: barua ndefu ya Padri kuomba mabati.

Nilishangaa sana. Mabati yote yale, na hasira ya Padri, na salamu za mwisho, vyote vinalala ndani ya ukucha.

"Picha si kitu chenyewe," Papa Sekretere akanielezea, maana siku ile alikuwa na moyo mzuri. "Unaona kule ku soko mwenye kuuza nyama alichora ngombe ku ukuta? Unakulaka ile ngombe ya ukuta?"

"Hapana."

"Inakuonyesha tu mulango. Nyama iko ndani."

"Kumbe ni kama sanamu ya Mama Maria. Haiko Mama Maria yeye mwenyewe, inakuonyesha tu..."

"Koko! Padri atatusikia."

Kulikuwa pia na chupa mbili ndogo za mchanga zilizounganishwa shingo, zinazotokea wakati mashini imechelewa. Nikauliza inafanya nini. Akasema inawaza. Nikauliza inawaza nini, barua si ya Padri? Akaniambia nifagie. Nikaona nimeshinda.

Lakini picha iliyonisumbua ilikuwa kitunga. Kilikuwa chini kabisa, pembeni, na ndani yake karatasi zilizokunjwa. Papa Sekretere alisema humo ndimo anatupa takataka. Nikamwambia aliyechora hiyo hajawahi kubeba kitunga. Mimi kitunga nimekibeba kwa ukanda wa paji la uso tangu nikiwa msichana, na alama yake bado iko kichwani mwangu, weka kidole utaisikia. Ndani ya kitunga tunaweka viazi, maharagi, mtoto aliyechoka njiani. Takataka tunatupa kwenye migomba. Nani atatengeneza kitunga wiki nzima halafu atie uchafu?

"Na ukitupa, inaenda wapi?"

"Haiende. Inabaki mule mpaka niseme itoke."

"Kumbe inajua yenyewe kwamba ni kitunga," nikasema.

Kwa hiyo siku ile Papa Sekretere aliposema karatasi ya mjukuu wangu iko ndani ya kitunga, sikulia kama binti yangu. Nilisema: "Itoe."

"Koko, nilishatupa."

"Ulisema inabaki mule. Itoe tusome ni mutoto gani."

Akaguna, lakini akafungua. Karatasi ikapanda kioo, akasoma kwa sauti ya kanisa. Msichana. Miaka karibu mine. Alipatikana njia ya Oicha, kiatu kimoja. Anapenda kuimba. Amechukuliwa na baba na mama wote wawili.

"Miaka mine!" binti yangu akasema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi ile. "Yangu iko na saba. Na kuimba, haimbake hata kidogo."

"Donc si yeye," Papa Sekretere akasema. "Basi wa kwenu hakufikaka Bungulu. Kwa maana jina ile iko moja tu."

Hapo lazima nieleze jambo kwa wasio wa kwetu. Sisi Wanande jina la mtoto hatulitafuti, linamngoja. Msichana wa kwanza wa mama yake ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, wavulana vilevile, mapacha vilevile. Ukisikia jina, unajua mtu huyo alitoka tumboni wa ngapi. Ni kitu kizuri, watu hawagombani nani mkubwa. Lakini simama katikati ya soko la Butembo, uite jina la msichana wa kwanza: nusu ya wauza vitunguu watakujibu, na wengine watakutukana kwa kuwasumbua. Jina la ubatizo lipo, ndiyo, lakini nani analitumia nyumbani? Mjukuu wangu alijua ana jina la mtakatifu. Hakujua ni yupi.

"Moja tu?" nikasema. "Msichana wa kwanza mumoja tu mu Beni muzima?"

"Njo vile mashini inasema."

"Fungua ile farde ya batoto. Yote."

Akafungua. Karatasi nyeupe zikajipanga. Mimi nikaweka kidole kwenye kioo nikahesabu, na yeye akasema hapana gusa, na mimi nikagusa. Zilikuwa kumi na moja. Lakini dereva wa lori la kabeji, yule aliyekuwa anatuletea diskete, vile vibao vidogo vinavyobeba karatasi za mashini, kutoka kwa masista, alikuwa ametuambia jana yake kwamba watoto wa Bungulu wamejaza vyumba viwili vya shule na wengine wanalala kwenye veranda. Vyumba viwili na veranda, watoto kumi na moja?

Nikaanza kusoma majina chini ya picha, mbuzi mmoja mmoja. Msichana wa pili. Msichana wa tatu. Msichana wa nne. Mvulana wa kwanza. Mvulana wa pili. Mvulana wa tatu, wa nne, wa tano. Mapacha, jozi moja, mkubwa na mdogo. Halafu kitinda mimba. Hakuna jina lililojirudia. Wote wanafuatana vizuri, kama wamepangwa kupigwa picha ya arusi.

Nikarudi juu, nikasoma tena mbuzi wa kwanza mpaka wa mwisho.

"Papa," nikasema, "hii ni nyumba moja."

"Namna gani?"

"Angalia. Mama mumoja alizaa batoto bote ba Beni. Alianza na wa kwanza, ule wa kitunga, akamaliza na kitinda mimba. Weye Munande, hauone?"

Akaona. Sijawahi kuona mtu akiona kitu namna ile. Mdomo ukafunguka, mkono ukabaki juu ya panya bila kusogea. Na Butembo ni baridi asubuhi, watu wanavaa makoti, lakini yeye jasho lilimtoka puani.

Ndipo akaeleza, polepole. Kila diskete ilipofika, alikuwa anahamisha karatasi kuzitia ndani ya farde ya manjano. Na mashini ilikuwa inamwuliza: jina hili liko tayari humu, niweke hili jipya mahali pa lile? Yeye alidhani masista wanatuma mtoto yuleyule mara mbili, karatasi iliyosahihishwa. Alikuwa anajibu oui, yaani ndiyo.

"Oui mara ngapi?"

"Mara mingi, Koko."

"Kila oui ilikuwa mutoto."

Akakaa. "Nimeua batoto," akasema.

"Haukuua mutu. Batoto beko Bungulu banakula bugali. Wenye kupotea ni karatasi. Diskete ziko wapi?"

Zilikuwa zimerudi Beni na lori, masista wamezifuta na kuandika upya juu yake. Na mashini ya kule walikuwa wameiazima tu, wakimaliza kutuma wanaisafisha. Walituamini sisi tutunze.

Binti yangu hakuelewa farde wala diskete. Alielewa kitu kimoja, akaniuliza: "Mama, donc yuko ao hayuko?"

Nikamwambia ukweli: sijui. Inawezekana karatasi yake ilikuwa chini ya nyingine. Inawezekana hakuwahi kuwa na karatasi. Mashini haitaweza kutuambia tena. Itabidi mtu aende na macho.

Kumkemea Papa Sekretere nilitaka, tena sana. Lakini nilimwuliza maswali mawili tu. "Weye ni muvulana wa tatu. Bakiita jina yako pale inje ya kanisa, unageuka?"

"Sigeukake. Tuko bengi."

"Na mashini je, haukuiambia kama tuko bengi?"

Sasa nafikiri lile swali la pili lilikuwa baya kuliko matusi.

Nikaondoka kesho yake na lori lilelile la kabeji. Binti yangu alibaki, kwa sababu ya miguu na mtoto. Nilikaa juu ya kabeji nikazishika masikio kama watoto. Kutoka Butembo kwenda Beni unashuka, na kila unaposhuka unavua nguo moja. Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari kijana akapanda gurudumu akanitazama.

"Koko, omemi nini? Umebeba nini?"

"Kabeji za mwenyewe na macho yangu."

"Macho ya nini?"

"Ya kutafuta mutoto."

Akachukua kabeji mbili. Halafu akachukua moja akairudisha, sijui kwa nini. "Kende malamu, Koko," akasema kwa Lingala, nenda salama.

Bungulu nilifika jua likiwa kali. Shule ilikuwa ya matofali, milango imeng'olewa, na mbele yake watoto wengi kuliko nilivyowaza juu ya lori. Nikatafuta kidole cha kuwahesabia, nikaacha. Sista aliyekuwa anawaangalia alikuwa na aproni ya majivu na sauti ya kamanda. Nikamweleza nani namtafuta, nikamtajia jina. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka.

"Koko, jina ile? Ngoja."

Akapiga mikono, akaliita kwa nguvu kuelekea uani.

Wasichana wanane wakasimama.

Walisimama kutoka pande zote, mmoja na ndoo, mmoja na mtoto wa mwenzake mgongoni, mmoja mkubwa tayari na matiti, mmoja mdogo sana hata sijui alijuaje kwamba anaitwa. Wote wamenitazama usoni. Nikapita mbele yao. Huyu hapana. Huyu hapana. Nilipofika wa nane, na yeye hapana, nikarudi nikawatazama tena kutoka wa kwanza. Nilifikiria namna nitakavyopanda lori, na namna binti yangu atakavyotazama mikono yangu kabla ya uso.

"Njo bote?" nikamwuliza Sista.

"Njo bote benye kusimama."

Alisema hivyo tu, bila kufikiri. Lakini mimi nikageuka nikatazama wale ambao hawakusimama. Chini ya ukuta, kwenye kivuli, watoto walikuwa wanapukucha maharagi makavu. Mmoja alikuwa amenipa mgongo. Mgongo ule niliusugua mimi mwenyewe kwa sabuni ya kipande tangu ukiwa mdogo kama kiganja. Nikaenda nikasimama mbele yake, na kivuli changu kikaingia kwenye maharagi.

Akainua macho. "Koko," akasema. Kisha: "Umeleta nini?"

Huyo ndiye wangu. Dunia inaungua, yeye anauliza nimeleta nini.

"Ju ya nini haukusimama? Haukusikia banaita jina yako?"

"Nilisikia." Akaendelea kupukucha, ganda moja, ganda la pili, kama anamwonea haya mtu. "Nimechoka kusimama, Koko. Kila siku banaita ile jina. Nasimama, bamama bananiangalia, banasema si huyu. Nikaacha."

Nikamshika pale chini kwenye maganda, na sitaandika nililia namna gani, maana Sista aliona, inatosha.

Tulipoinuka, nikaona kitu. Wale wanane walikuwa bado wamesimama. Hakuna aliyewaambia wakae. Walikuwa wananitazama nikiwa na wangu, na kila mmoja alikuwa na uso wa mtu aliye kwenye mstari, anayengoja zamu yake ifike. Kule Butembo, ndani ya farde ya manjano, hata mmoja wao hakuwa na karatasi. Ile moja, iliyokuja mwisho ikakalia zao zote, ilikuwa ya mtoto mwingine aliyeshaondoka.

Sista alisema madaftari yameisha na kalamu imeisha, ataandika tena diskete wakipata mashini. Lini? Hajui. Lori lilikuwa linapiga honi barabarani. Kuandika kwangu ni polepole, nimeshasema. Nikachukua bakuli la maharagi.

Maharagi ya kwetu yanachanganywa, hayafanani. Nikawaita mmoja mmoja. "Chagua moja yenye iko weye." Mkubwa alichagua jeusi. Wa ndoo alichagua jekundu lenye madoa meupe. Mdogo alichagua kubwa kuliko yote. Na kila aliponipa haragi lake, nilimwuliza: si jina, jina nalijua. Nyumbani banakuita wa kwanza wa nani? Mama anafanya nini? Karibu na mlango wenu kuna nini? Huyu mama yake anashona magunia mkono wa kushoto. Huyu nyumba yao iko nyuma ya kinu, na baba ana kikohozi. Huyu hana mama, ana shangazi mwenye meno ya mbele yaliyopanuka. Nilikuwa narudia kwa sauti, haragi mkononi, mpaka maneno yaingie ndani ya haragi yakae. Wanane. Nikayafunga kwenye pembe ya kitenge changu, nikafunga mara ya pili.

Kule Butembo binti yangu alikuwa ameketi barabarani mahali lori linaposimama, tangu asubuhi. Hakuangalia mikono yangu wala uso. Aliona miguu miwili myembamba ikining'inia kutoka juu ya kabeji, akakimbia na ile miguu yake iliyovimba. Akamkagua mtoto kwanza kama mtu anunuaye kuku: masikio, magoti, ndani ya mdomo. Halafu akampiga kofi moja la matako kwa kupotea. Halafu wakaanguka chini wote wawili na mtoto mchanga katikati, nami nikaacha watu wapite wakitazama.

Asubuhi yake, baada ya misa, nilikwenda biro na mjukuu wangu. Nilifungua kitenge juu ya meza ya Papa Sekretere, nikapanga maharagi manane mstari mmoja. Alidhani nimemletea chakula.

"Hapana. Hizi ni karatasi. Washa."

Akawasha. Nikashika jeusi, nikasema yote. Yeye akapiga, akauliza karatasi aipe jina gani. Nikamwambia: Wa Kwanza wa Mushona Magunia wa Mukono wa Kushoto. Akasema ni refu mno. Nikasema kioo ni kipana. Akaandika. Tukaendelea hivyo, wa nyuma ya kinu, wa shangazi wa meno. Kila haragi lililomalizika nililihamisha upande wa pili wa meza, na kwenye kioo karatasi nyeupe ikaongezeka. Nilisikia kichwa changu kikiwa kikubwa kama cha askofu.

Tukafika saba. Nikashika la nane, dogo, la manjano, nikafungua mdomo.

Hakukuwa na kitu. Nililigeuza. Nililinusa. Haragi lilikuwa limefunga.

"Koko?" Papa Sekretere akasema, vidole juu.

"Ngoja."

"Grupu itazimika."

"Ngoja nimesema!" Nilikuwa namwona msichana, hata mkwaruzo wa kwenye goti lake nauona, lakini mama yake, nyumba yake, vyote vimetoka. Nilimbeba kutoka Beni mpaka Butembo na nikampoteza hapa, mezani, ndani ya kichwa changu mwenyewe. Nikawaza kwamba nilitaka kumkemea mwenye kujibu oui, kumbe na mimi.

Mjukuu wangu akaweka kidevu juu ya meza akatazama haragi kwa karibu.

"Ile ni ule mwenye alikuwa analala kando yangu," akasema. "Mama yake anapikaka kasiksi, ile pombe ya ndizi, karibu na daraja ya mbao. Iko na mbuzi ya pembe moja. Na usiku anakojoaka ku mukeka, lakini hapana andika hiyo."

"Siandike," Papa Sekretere akasema, akapiga.

Wazazi walianza kuja kidogokidogo. Si wote, wengine vita haikuwaruhusu kuja popote tena, na karatasi zao zilikaa ndani ya farde muda mrefu. Lakini siku moja, mimi nikiwa nyuma ya kiti na ufagio, mama mmoja akaingia akiwa amejifunga kanga kichwani mpaka kwenye macho, ananuka ndizi zilizochachuka. Akataja jina la mtoto wake. Lilikuwa lile lile, la msichana wa kwanza.

Papa Sekretere hakugusa mashini. Aligeuza kiti chake chote kumwelekea.

"Keti kwanza, Mama," akasema. "Kazi yako ni gani?"